Blanketi la Njano Ng'ambo ya Barabara

Tangu nirudi Kahama mmeniuliza Kigali kulikuwaje, nami nimewajibu vipande vipande: huyu sokoni, yule tukitoka kanisani, mwingine kwa simu huku nageuza mboga. Kila mmoja amebaki na kipande chake, na nasikia mmevikutanisha bila mimi mkapata safari ambayo sikuifanya. Basi nimekaa chini nimeandika yote mara moja.

Mnanijua. Mimi si mtu wa kutulia. Nimeishi Bukoba, Tabora, Mwanza, na zamani zaidi Kigali, na kila mji niliutoka kabla haujanichoka, halafu nikaanza kuuota. Safari hii niliitwa. Aliyeniita ni Spesioza, tuliyekaa naye dawati moja sekondari kule Ngara, wakati wazazi wake bado ni wakimbizi upande wetu. Wao walirudi Rwanda, nami baadaye nikamfuata nikauza vitenge miaka michache mtaa wa Muhima, mpaka miguu iliponiwasha nikaondoka.

Spesioza alipiga simu akasema amekuwa bibi, ila mjukuu wake anamwona ng'ambo tu. Nikadhani binti yake, Diane, ameolewa Ulaya. Kumbe ng'ambo aliyoisema ni ya barabara. Diane ameolewa upande wa pili wa barabara kuu, pale Masaka, nje kidogo ya Kigali, nyumba ambayo mama mtu anaiona mabati yake akiwa uani kwake. Lakini miaka miwili iliyopita Spesioza aligongwa na gari akivuka barabara hiyohiyo. Nyonga ilivunjika, ikaunga vibaya, sasa anatembea na gongo. Hawezi kukaa kwenye pikipiki, na kwa mwendo wake hawezi kuvuka kabla gari halijamfikia. Nikamwambia si aombe gari limzungushe. Akanijibu:

"Adventina, nikiombewa gari kila siku nitakuwa mgeni wa mjukuu wangu. Mimi nataka kuwa bibi yake."

Nikafunga begi.

Kutoka Kahama hadi Benako

Tuliondoka alfajiri na basi la moja kwa moja. Dereva alikuwa Mzee Rajabu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na utingo wake ni mwanamke, Mwamvita, aliyekaa kiti cha mbele kushoto miguu ameikunja kama yuko sebuleni. Nilikaa nyuma yao, kwa hiyo maongezi yao yote yalikuwa yangu pia.

Pancha ya kwanza tuliipata kabla ya Nyakanazi. Tulishuka wote tukakaa kwenye nyasi zenye umande. Mama mmoja wa Kibondo alifungua hotpoti la ndizi za nyama akasema ndizi zikipoa zinakasirika, tuzimalize. Tukazimaliza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini, na watu waliotembea ndani yake walionekana kama wanaelea. Nilikaa nikafikiri kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu imepita hivi, kando ya barabara, nikila chakula cha mtu nisiyemjua jina, wala sikuona ubaya wake.

Benako tulisimama tena, kwenye mzani wa magari. Malori yalikuwa yamepangana mpaka huwezi kuona mwisho. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alilalamika kwamba safari hii ni ya kusimama, si ya kwenda. Kila tuliposimama alilitamka hilo, na kila mara alilitamka kama jambo jipya. Mwamvita akamwambia, "Baba, anayefika ni yule aliyesimama pale pa kusimama." Mzee akasema yeye hakuuliza.

Daraja la Rusumo

Mnaofahamu Rusumo mnajua maporomoko yale ya mto Kagera, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipiga kelele chini ya daraja. Tulipovuka upande wa pili na kumaliza ukaguzi, Mzee Rajabu alifanya jambo ambalo sijalisahau. Alizima gari. Akavua saa yake mkono wa kushoto, akairudisha nyuma saa moja, kwa kuwa huko wako nyuma yetu kwa saa moja, kisha akaivaa mkono wa kulia. Akauangalia ule mkono kwa muda, kama mtu anayesali. Ndipo akawasha.

Nikamuuliza ya nini. Akasema Tanzania gari linakwenda kushoto na Rwanda linakwenda kulia, na kichwa cha binadamu hakigeuki kwa kuvuka daraja. "Mkono wenye saa ndio upande wangu. Nikisinzia akili, mkono utanikumbusha."

Kuanzia hapo basi likawa kama limegeuzwa ndani nje. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo Mzee Rajabu sasa alikuwa anauona mfereji tu, na Mwamvita ndiye aliyeona barabara inayokuja. Tukitaka kulipita lori, Mwamvita alichungulia akasema polepole, "Bado. Bado. Kuna mtu. Bado. Haya, mzee." Na Mzee Rajabu akapita bila kuona kitu, kwa kuamini sauti ile. Mashamba ya migomba yalipanda na kushuka, vilima vikafuatana, jua likawa la asali. Nililala, nikaamka, na bado nilisikia: bado, bado, haya mzee. Sijui ni mara ngapi uhai wetu ulibebwa na maneno hayo, nami nikiota.

Masaka, kupitia dirishani

Tulipokaribia Kigali jua lilikuwa linazama. Nikamwambia Mwamvita anishushe Masaka, pale barabara inapoanza kushuka, kwa kuwa rafiki yangu anakaa palepale. Akasema haiwezekani, nitashuka Nyabugogo, kituoni. Nikamwambia Nyabugogo ni mwisho wa mji, nitalazimika kurudi njia nzima. Akasema ndiyo, nitarudi. Nikaona ni kiburi cha utingo. Nilinuna, na nadhani nilimwambia neno moja ambalo sitaliandika hapa.

Nikiwa nimenuna nikageukia dirisha la kulia. Kando ya barabara alisimama msichana mrefu na kitu kimefungwa kwenye blanketi la njano. Basi lilipomkaribia akakinyanyua kile kitu juu ya kichwa kwa mikono miwili, taratibu, akakishikilia hivyo. Jua lilikuwa nyuma yake, blanketi likawaka kama taa ya chemli. Nikafikiri anauza kitu. Kisha nikaona mguu mdogo umechomoza. Nikampungia mkono, kwa kuwa sikujua la kufanya lingine. Hakunipungia. Alikuwa anatazama kupita basi letu, upande wa pili. Tukampita, na bonde likammeza.

Nyabugogo na Muhima

Tulipofika kituoni na mlango kufunguka ndipo nilipomwelewa Mwamvita. Mlango wa basi letu uko kushoto. Huko kwao, kushoto ni katikati ya barabara. Ningeshuka Masaka ningetua mbele ya magari yanayotoka mjini. Nilimwomba radhi. Akasema amezoea, akina mama wa Kahama wote wanamnunia hapo.

Nililala kwa mama mmoja niliyemfahamu zamani Muhima, na asubuhi nikatoka kuutafuta ujana wangu. Sikuupata. Duka letu la vitenge sasa ni ghorofa lenye vioo. Zamani kuvuka Nyabugogo kulikuwa kama kucheza ngoma: unamkamata mwenzako kiuno, unafumba jicho moja, unaingia. Sasa kuna taa zenye tarakimu zinazohesabu kurudi nyuma, na mistari myeupe. Watu walikuwa wamesimama ukingoni, wengi, kimya, ilhali barabara ilikuwa tupu kabisa. Hakuna gari. Wamesimama tu, mikoba mikononi, wakiitazama tarakimu. Nikaona ni ndoto ya ajabu, nikashuka ukingo niendelee na mambo yangu, nikatazama kulia kama tunavyotazama huku kwetu.

Mkono ukanivuta gauni. Basi dogo la kijani likapita mahali nilipokuwa, limetoka kushoto. Aliyenivuta alikuwa mzee wa koti la kijivu. Hakufoka. Alisema, "Mama, hapa unaanza kushoto. Magari iko inatoka kushoto." Halafu akarudi kuitazama taa. Ilipogeuka tukavuka wote pamoja, na yeye akaniacha hivyohivyo, na mimi nikatembea nusu ya Muhima nikiwa bado naliona lile basi la kijani likipita ndani yangu.

Kwa pikipiki

Mwendesha pikipiki aliyenichukua kwenda Masaka hakutaka kuondoka mpaka nifunge ule mkanda wa kofia. Mimi huweka kofia kichwani kama kilemba, mnanijua. Yeye akazima pikipiki, akakunja mikono, akasubiri. Nikamwambia nina haraka. Akasema yeye hana. Nikafunga.

Njiani alizungumza bila kugeuka. Kila baada ya muda alipunguza mwendo akasema, "Sofia iko hapa." Nikadhani ni mke wake, au mtu anayemdai. Mara ya tatu nikamuuliza Sofia ni nani. Akacheka mpaka pikipiki ikayumba kidogo. Sofia ni kamera ya kando ya barabara, inayopiga picha wanaokwenda kasi. Ndivyo mji mzima unavyoiita. "Ule dada hapana lala, hapana kula, hapana zungumza. Wewe tu unapata meseji ya faini kwa simu." Nikamuuliza kama anamchukia. Akafikiri. Akasema alimchukia mwaka wa kwanza, sasa amemzoea, na mama yake mzazi amempenda tangu mwanzo.

Tulipita Kanombe, ndege ikapita juu ya vichwa vyetu ikienda kutua, karibu niione tumbo, tukateremka hadi Masaka, nikamkuta Spesioza kwenye kigoda uani, gongo limelala miguuni kama mbwa. Tulicheka kwanza. Tulikumbatiana baadaye. Amekuwa mdogo, zamani alikuwa mrefu kuliko mimi.

Jioni akasema twende. Tulishuka kwa kijia cha udongo mwekundu hadi bombani, pale wanapochotea maji, na hapo kijia kinaishia kwenye barabara kama kimekatwa kwa panga. Ng'ambo kinaendelea. Malori yalikuwa yanateremka kutoka mjini, moja nyuma ya jingine, upepo wake unatupiga usoni. Akasimama, akasubiri. Mara ng'ambo akatokea yule msichana mrefu. Akanyanyua blanketi la njano.

Kumbe ndiye Diane. Spesioza akanyanyua mkono wake usio na gongo. Malori yakapita kati yao, likipita moja tunaona njano, likija jingine hatuoni. Walikaa hivyo labda dakika chache. Diane hakuruhusiwa kuvuka na mtoto. Mama yake alimwapiza asithubutu. Kisha Diane akamshusha mtoto, akampungia mama yake, na alipoondoka ndipo aliponiona mimi, akacheka akaonyesha dirisha la basi kwa mikono. Alinikumbuka.

"Kila siku?" nikamuuliza Spesioza.

"Kila siku. Jana kuna basi la kwenu lilinizibia kabisa."

Jumamosi ya barabara tupu

Keshoye ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo nchi nzima hutoka kwa kazi ya pamoja, wanaiita umuganda, na magari husimama tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano. Baada ya kazi kuna mkutano, na mkutano wa siku ile ulikuwa na jambo zito: mji umemtuma mhandisi wake kuja kusikia kivuko cha watembea kwa miguu kiwekwe wapi. Kimoja tu. Wengi walitaka kikae juu, mbele ya maduka, kilipo kituo cha basi. Spesioza na wachota maji walitaka chini, bombani. Kwa mguu wa Spesioza, maduka ni mbali kama Benako.

Adui yake mkubwa katika jambo hili alikuwa jirani yake, Mzee Faustini, dereva wa lori mstaafu aliyelelewa Karagwe, ambaye kila asubuhi humletea maziwa. Kivuko kikija bombani, patawekwa tuta la kupunguza mwendo, wenyewe huliita dodani, na nyumba ya Faustini iko hapohapo. Alinieleza kwa Kiswahili safi kwamba ameendesha lori maisha yake yote, anajua lori likiruka tuta na mzigo linavyotingisha ukuta. "Spesioza nampenda," akasema, "lakini kitanda changu pia nakipenda." Spesioza akamjibu kwamba kitanda chake hakina mjukuu.

Saa mbili ikafika. Sijui niwaelezeje. Lori la mwisho lilipita, mngurumo ukafifia kilimani, na haukuja mwingine. Tukasikia jogoo. Tukasikia maji ya bomba yakigonga ndoo. Watu walishuka na majembe kuzibua mtaro, wakaongea kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mgonjwa. Lami ilikuwa tupu pande zote mbili, inang'aa kwa umande, pana kama mto uliokauka.

Nilibeba chupa ya chai yenye uji wa mtama. Spesioza akaweka gongo barabarani, kisha mguu. Tulikwenda kwa mwendo wake. Katikati, kwenye mstari, akasimama. Nikasimama naye. Alitazama juu ya kilima, akatazama chini, akatazama lami mbele ya viatu vyake.

"Niliangukia hapa," akasema. "Sijawahi kupaona nikiwa nimesimama."

Tulikaa pale mpaka alipotaka kuendelea.

Ng'ambo Diane alimpa mtoto mikononi kabla hajakaa vizuri. Sitawaandikia mengi ya asubuhi hiyo. Uji haukunywewa. Mtoto alilala kifuani kwa bibi yake, na bibi mtu alimnusa utosi, akasimamisha maneno katikati ya sentensi, akasahau alikuwa anasema nini. Mimi nilikuwa mtunza saa. Nilimwambia muda umekaribia. Akasema kidogo tu. Nikamwambia tena. Akasema, Adventina, wewe ndiye ulikuwa unachelewa shule kila siku, leo umekuwa kengele? Nikaacha kupiga kengele. Na tulipofika ukingoni hatimaye, malori yaliyokuwa yamezuiwa juu ya kilima yote yalikuwa yameachiwa kwa pamoja, na mto ule ulikuwa umejaa.

Ng'ambo, upande wetu wa kwanza, mkutano ulikuwa umeanza bila sisi. Tulimwona mhandisi, kijana wa buti za mvua, akizungumza na mkuu wa kijiji, mama mrefu aitwaye Godeliva. Huko kura ndogo za kijijini mara nyingi hupigwa kwa miguu: unapanga mstari nyuma ya unayemtaka. Godeliva akawaambia watu waende wakasimame pale wanapotaka kivuko. Wengine wakapanda madukani, wengine wakateremka bombani. Mistari ikajipanga. Kwa macho tu niliona wa madukani unazidi. Mbele yake alisimama Faustini, mikono nyuma.

Spesioza akajisogeza ukingoni zaidi, mkabala kabisa na bomba, akasimama wima kadiri alivyoweza, akanyanyua gongo ili ahesabiwe. Godeliva alihesabu, akamfikia mtu wa mwisho, akageuka. Spesioza akaita. Faustini akaacha mstari wake akaja mpaka bombani, akamwitia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Spesioza, leo wewe ni mtu wa ng'ambo. Ng'ambo ni kijiji kingine, hawana kura hapa."

"Basi njoo unirudishe."

Watu wakacheka. Faustini akacheka pia, akashuka lami. Lori likapiga honi, akarudi. Akashuka tena. Pikipiki mbili, basi, akarudi. Mara ya tatu alifika hatua mbili hivi, na gari dogo likatokea kwenye kona kwa kasi akaruka nyuma, akashika bomba kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mzima mwenye miguu yake yote. Kicheko kikapungua, kisha kikaisha. Tulitazamana tu, wao kule, sisi huku, na magari yakipita katikati.

Nyuma yetu nikasikia hatua. Watu wa upande wa Diane walikuwa na mkutano wao wa umuganda chini ya turubai, mambo yao mengine kabisa. Mpaka wa vijiji hivi viwili ni barabara yenyewe, na hakuna aliyewaita kwa habari ya kivuko. Waliusikia huo mzaha. Wakaja wakasimama nyuma ya Spesioza, mmoja mmoja, na majembe yao: mama wenye madumu, mzee wa baiskeli, Diane na blanketi la njano. Mstari ulipanda kijia mpaka ukapotea kwenye migomba. Hakuna aliyewapanga.

Mhandisi aliitazama ile mistari miwili inayotazamana. Akamuuliza Godeliva kitu, na Godeliva akashika shavu. Baadaye Faustini alinitafsiria: aliuliza kama wale wa upande wa pili wameulizwa. Godeliva akasema si watu wa kijiji chake. Mhandisi akasema hata kwenye karatasi yake mchoro unaishia kwenye mstari wa katikati, alipewa nusu na hakugundua ni nusu. Halafu wakacheka wote wawili, cheko la watu waliokuta wamevaa nguo nje ndani.

Akaingia barabarani na vijana wawili, kitambaa chekundu kwenye mti, wakasimamisha magari. Tukavuka, mstari mzima, nyuma ya Spesioza, kwa mwendo wake. Honi hazikupigwa. Mhandisi akawaambia ukweli: hana rangi siku ile, na rangi peke yake ni mtego, kwa sababu mtu ataiamini na lori linaloteremka halitaweza kusimama. Kwanza dodani, tena pana na la kulala, juu kabisa kabla ya nyumba ya Faustini, ili lori liwe limeshapoa likifika kwake, kisha pa watu kusimama katikati, rangi mwisho. Atapeleka maneno ya vijiji vyote viwili, na kitawekwa bombani. Itachukua muda, hakusema ni muda gani. Hadi hapo vijiji viwili vitapeana zamu ya kitambaa chekundu, asubuhi na jioni.

Faustini akauliza yeye atampigia nani simu usiku ukuta wake ukipasuka. Mhandisi akamwandikia namba yake. Faustini akasema vizuri, basi wote wawili hawatalala.

Kurudi

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la Mzee Rajabu Nyabugogo. Sikumwambia Spesioza nitapita saa ngapi. Kuaga mara mbili ni kuchoshana. Tulipofika kilima cha Masaka mwanga ulikuwa ndio kwanza unapasua, ukungu umejaa bondeni. Nikasikia Mwamvita anasema, "Polepole, mzee. Polepole. Simama."

Tukasimama. Nyuma yetu magari mengine yakasimama. Mzee wa kofia ya sufu, ambaye naye alikuwa anarudi, akaamka akauliza tumesimamia nini tena, safari hii ni ya kusimama tu. Mzee Rajabu akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Kuna mtu anavuka."

Katikati ya lami, ndani ya ukungu, alisimama Faustini na kitambaa chekundu, mdomo unamwenda. Mbele ya kioo chetu alipita Spesioza, chupa ya uji imening'inia shingoni kwa kamba ya kitenge, gongo, mguu, gongo, mguu, anamjibu Faustini kitu bila kumtazama. Niligonga dirisha. Hakusikia. Ilichukua muda mrefu. Mzee wa kofia ya sufu aliinuka kwenye kiti ili aone, akabaki amesimama.

Ng'ambo, Diane alikuwa anasubiri, blanketi la njano kifuani. Safari hii hakulinyanyua.